Mzee Mlangoni mwa Dharura: Nani Atangulie, na Nani Aingie Naye?

Katika hospitali nyingi za serikali Tanzania Bara kuna bango linalosema mzee apewe kipaumbele. Nje, kwenye mabenchi ya idara ya dharura, ndugu wanabishana bango hilo lina maana gani. Mmoja anashikilia kuwa aliyetimiza miaka 60 hutibiwa bure. Mwingine anasema si kila mzee, ni asiyejiweza tu, tena awe na kitambulisho. Wa tatu anacho kitambulisho mkononi, lakini ameandikiwa dawa za kununua nje. Na mzee mwenyewe, aliyeamka hajui alipo, bado yuko kwenye kiti cha magurudumu, maana kijana aliyegongwa na bodaboda ameingizwa kabla yake. Wote wanasumbuliwa na swali moja: kama mzee ni wa kwanza, mbona wetu amekuwa wa pili?

Swali hilo linastahili jibu lenye uzito. Nyuma yake kuna sera zilizotungwa kwa nia njema bila kukutanishwa, kuna mwili wa uzeeni usioonyesha ugonjwa kama mwili wa kijana, na kuna familia ambayo hospitali huitegemea kwa mengi isipokuwa lile inalolijua zaidi. Uchambuzi huu unaeleza tulikotoka, unaonyesha yanayowapata wazee dhaifu na ndugu zao, unapima misimamo minne inayoshindana, kisha unasema upi wa kufuatwa na kwa masharti gani.

Tulikotoka

Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, ikamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikawaweka wazee wasio na uwezo miongoni mwa makundi yanayosamehewa gharama za matibabu katika vituo vya umma. Hapo ndipo yalipotoka madirisha ya wazee, vitambulisho vya msamaha na mabango. Sera hizo zilizaliwa na shida ya kweli. Mzee aliyefika kliniki asubuhi alisukumwa nyuma na wenye nguvu, akarudi nyumbani jioni bila kuonwa na daktari. Shida ilikuwa ya foleni, na dawa yake ikawa ya foleni.

Huduma za dharura zilikua kwa njia nyingine kabisa. Idara ya kwanza ya dharura iliyokamilika katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Kabla ya hapo, mgonjwa mahututi alipokewa na daktari yeyote aliyekuwa zamu. Kisha ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021 ukajenga majengo ya dharura na vyumba vya uangalizi maalumu katika hospitali nyingi za wilaya na mikoa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Majirani zetu wa Kenya walitangulia upande wa sheria: Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na ibara ya 57 inataja haki za wazee.

Kwa hiyo Tanzania ilijenga njia mbili, kila moja kivyake. Ya kwanza inamtambua mzee kwa umri wake, lakini haikutungwa kwa ajili ya dharura. Ya pili inaijua dharura, lakini haimtofautishi mzee na mtu mwingine. Mabishano ya kwenye benchi yanatokea pale njia hizo mbili zinapokutana. Na watu wanaofika kwenye makutano hayo wanaongezeka: Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na wenye miaka 60 na zaidi, ingawa hawafiki asilimia 6, ni zaidi ya milioni 3.

Yanayowapata kabla ya kufika

Dharura ya mzee huanza nyumbani, na huanza polepole. Jumatatu ameacha chakula nusu. Jumatano amelala mchana kutwa. Ijumaa ameshindwa kunyanyuka kitandani. Kila dalili ikichukuliwa peke yake inaelezeka kwa maneno mepesi: ni uzee tu. Maneno hayo ndiyo chanzo cha kwanza cha kuchelewa, na hayasemwi na familia peke yao. Hata watumishi wa afya huyasema.

Chanzo cha pili ni fedha na mamlaka ndani ya ukoo. Mara nyingi anayemuuguza mzee ni binti, mkamwana au mjukuu asiye na kipato, ilhali mwenye uwezo wa kulipa yuko Dar es Salaam, Nairobi au Muscat. Mpaka simu ipigwe, kikao cha familia kikae kwa simu na fedha zitumwe, siku imepita. Mgawanyo huu utajitokeza tena hospitalini: anayemjua mzee hana sauti, na mwenye sauti hajamwona mzee tangu Idi au Krismasi iliyopita.

Chanzo cha tatu ni usafiri. Kwa mjamzito na mtoto mchanga Tanzania ina mfumo wa m-mama: familia au kituo cha afya kinapiga 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa kijamii aliyesajiliwa anatumwa na kulipwa na mfumo. Mzee aliyevunjika nyonga hayumo katika mfumo huo. Atapakiwa kwenye bajaji akiwa amepinda, au atapandishwa bodaboda kwa mtindo wa mshikaki: dereva mbele, mzee katikati, na mjukuu nyuma amemkumbatia asianguke. Kwa mfupa uliovunjika, safari hiyo peke yake ni jeraha la pili.

Yanayowapata wakishafika

Mlangoni familia hugawanywa. Mlinzi anawaambia wabaki nje. Mmoja anatumwa kufungua faili, mwingine kutafuta namba ya malipo, wa tatu kukimbilia duka la dawa. Mzee anabaki na watu asiowajua, chini ya taa kali, akiulizwa maswali ya harakaharaka. Kama hasikii vizuri, au miwani imebaki nyumbani, majibu yake hutoka pembeni ya swali, na kwenye faili huandikwa kwamba amechanganyikiwa. Binti aliyejua kwamba mpaka juzi alikuwa akihesabu hela zake mwenyewe na kwenda ibada peke yake yuko kwenye foleni ya malipo.

Ndani, shida huwa ndogondogo na nyingi. Mzee hawezi kushuka kitandani bila msaada, na anaona haya kumwambia muuguzi mwenye umri wa mjukuu wake kwamba amebanwa na mkojo. Ama atajikaza mpaka ashindwe, ama atajaribu kushuka peke yake aanguke. Ili kukwepa hayo huwekewa mpira wa mkojo, nao ni mlango wa maambukizi. Hapewi maji, kwa kuwa hakuna aliye karibu wa kumshikia kikombe. Akilala saa nyingi upande mmoja juu ya machela ngumu, ngozi ya makalio na visigino huanza kubadilika rangi, na kidonda kinachoanza hapo kitachukua miezi kupona. Usiku anaanza kuweweseka, kung'oa dripu na kuita watu waliokufa zamani. Kwa zamu yenye wauguzi wawili na wagonjwa thelathini, huyo ni mgonjwa msumbufu. Kwa kweli ni mgonjwa aliyepata tatizo jipya na la hatari.

Kwa ndugu walio nje, kinachouma zaidi ni kukosa habari. Saa zinapita bila kuambiwa mgonjwa ana nini wala anasubiri nini. Daktari anapotoka huzungumza na aliyevaa vizuri au mwenye simu inayolipa, na mzee mwenyewe hujadiliwa kana kwamba hayupo. Mwisho wa yote wanakabidhiwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuambiwa waende naye nyumbani. Dawa zipi za zamani aache? Dalili gani ikitokea warudi? Nani atamfunga kidonda? Maswali hayo yanabebwa mpaka nyumbani bila majibu.

Kuhusu gharama, msamaha upo, lakini una mianya. Unamlenga asiyejiweza, kwa hiyo lazima uthibitishwe, na ofisi ya ustawi wa jamii haifanyi kazi saa nane za usiku. Haugusi nauli, na dawa isipokuwapo kwenye stoo ya hospitali, msamaha hauinunui. Visiwani, Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha kuanzia cha Sh 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakilipi matibabu, lakini kinaweza kulipa nauli, na nauli ndiyo inayoamua kama mzee ataondoka nyumbani leo au kesho.

Kwa nini mwili wa mzee humpotosha anayempima

Idara za dharura hupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, kwa kawaida kwa rangi: nyekundu aingizwe sasa hivi, kijani anaweza kusubiri. Mantiki yake ni njema. Tatizo ni kwamba vipimo vinavyotumika kupanga rangi vilijengwa juu ya mwili wa mtu mzima wa kawaida. Mzee mwenye nimonia anaweza asiwe na homa wala kikohozi. Anachoonyesha ni kuchanganyikiwa. Mshtuko wa moyo unaweza kumjia bila maumivu ya kifua, ukaonekana kama kichefuchefu na uchovu. Mapigo ya moyo yanayotarajiwa kupanda mtu anapopoteza damu yanaweza yasipande kwa mzee anayemeza baadhi ya dawa za presha. Kuanguka, ambako huandikwa kama ajali ndogo, kunaweza kuwa tokeo la kiharusi, sukari kushuka au maambukizi.

Chukua mfumo wa upangaji uliobuniwa Cape Town miaka ya 2000 na kutumika katika nchi kadhaa za Afrika. Namba ya juu ya presha ikiwa kati ya 101 na 199, haimpi mgonjwa alama yoyote ya hatari. Kwa kijana hilo ni sawa. Lakini mzee ambaye presha yake ya kila siku ni 170, akifika na 108, huenda anavuja damu ndani. Wamarekani walilitambua hilo katika mwongozo wao wa majeruhi wa mwaka 2011, wakasema presha iliyo chini ya 110 kwa mwenye zaidi ya miaka 65 inaweza kuwa dalili ya mshtuko wa mwili.

Mfumo huohuo wa Cape Town hutoa alama kwa mgonjwa asiyeweza kutembea na kwa aliyechanganyikiwa, na hilo ni jema kwa wazee. Ila haumuulizi mtu: tangu lini? Mzee ambaye hajatembea kwa mwaka mzima na mzee aliyeacha kutembea jana wanapata alama sawa. Wa kwanza huenda hana dharura. Wa pili karibu hakika anayo. Tofauti yao haimo kwenye mashine ya presha wala kwenye damu. Imo kichwani mwa mtu anayeishi naye.

Msimamo wa kwanza: umri utangulie

Watetezi wa msimamo huu wanasema kanuni ni rahisi, kila mtu anaielewa, na inakwenda na heshima tuliyolelewa nayo kwa wakubwa. Haihitaji mafunzo wala vifaa. Katika kliniki za kawaida, dirisha la dawa na dirisha la malipo, imewapunguzia wazee adha ya kusimama.

Udhaifu wake unaonekana kwenye dharura. Mkulima wa miaka 63 aliyejikata kidole kwa jembe si mgonjwa kuliko mama wa miaka 30 anayetokwa damu. Hakuna mzee mwenye busara atakayetaka kumtangulia. Kwa upande mwingine, mtu wa miaka 56 aliyepata kiharusi mara mbili na kukonda mpaka hawezi kujilisha ni dhaifu kuliko wengi wa miaka 75, na umri unamwacha nje. Tena bango linaloahidi kisichowezekana hujenga chuki kati ya ndugu na wauguzi. Hasira nyingi zinazozuka mapokezini zinatokana na ahadi hiyo.

Msimamo wa pili: hali ya ugonjwa peke yake

Madaktari wengi wa dharura wanasimama hapa. Haki, wanasema, ni kumtanguliza anayekaribia kufa, awe mtoto au mzee, tajiri au maskini. Msimamo huu umeokoa maisha ya wengi, na ndio pekee unaoweza kutetewa mbele ya mgonjwa yeyote aliyeko foleni.

Lakini haki ya kanuni inategemea usahihi wa kipimo. Kipimo kikimsoma mzee vibaya, kanuni ya haki inazaa matokeo yasiyo ya haki bila mtu yeyote kukusudia. Zaidi ya hapo, kusubiri hakuwaumizi watu wote sawa. Saa sita juu ya machela kwa mtu wa miaka 25 ni karaha. Kwa bibi aliyedhoofika ni kidonda, ni kuishiwa maji, ni akili kuvurugika. Mfumo unaopima hatari ya ugonjwa bila kupima hatari ya kusubiri unahesabu nusu ya hesabu.

Msimamo wa tatu: idara maalumu za wazee

Nchi tajiri zimekwenda njia hii. Marekani ilipata idara yake ya kwanza ya dharura kwa wazee mwaka 2008 huko Silver Spring, Maryland. Mwongozo wa kitaifa wa vyama vya taaluma ukatoka mwaka 2014, na mwaka 2018 ukaanza utaratibu wa kuzipa idara hizo ithibati. Uingereza ilitoa mwongozo wake mwaka 2012, na mpango wa afya wa mwaka 2019 ukazitaka hospitali zenye idara kubwa za dharura kutoa huduma kwa wazee dhaifu angalau saa 70 kwa wiki. Katika idara hizi mzee hupimwa kwa upana: ugonjwa, dawa anazomeza, akili, kutembea, lishe na nani yuko nyumbani.

Ushahidi wa upimaji huo mpana si haba. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 29 yenye washiriki 13,766 kutoka nchi tisa, yaligundua kuwa wazee waliolazwa na kupimwa hivyo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuishi makwao miezi kadhaa baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kikwazo ni watu. Madaktari bingwa wa wazee nchini kwetu ni wachache mno. Kujenga chumba chenye mlango wa peke yake, bila mtaalamu ndani, ni kuhamisha foleni tu. Hata Uingereza, yenye wataalamu hao, wazee bado hulala korido wodi zinapojaa. Kitengo maalumu kinatibu upungufu wa ujuzi. Hakitibu uhaba wa vitanda.

Msimamo wa nne: mzee ahudumiwe karibu na nyumbani

Wengine wanasema hospitali kubwa yenyewe ndiyo hatari, na kwamba mambo mengi yanayomleta mzee usiku wa manane yangezuiwa zahanati: presha isiyofuatiliwa, sukari iliyoachwa, mkojo uliopata maambukizi, dawa zilizogongana. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na wanazijua nyumba. Msimamo huu unaheshimu matakwa ya wazee wengi ambao, ugonjwa ukiwa wa mwisho, wangependa kuondokea kwao wakizungukwa na watu wao.

Hatari yake ni kugeuzwa kisingizio. Zahanati isiyo na dawa ya maumivu wala kipimo cha sukari haiwezi kuwa mbadala wa hospitali. Nyonga iliyovunjika inahitaji upasuaji, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo mzee anavyozidi kupata nimonia na vidonda vya kulala. Kiharusi cha kuziba mshipa kina dawa inayofaa ndani ya saa nne na nusu tu. Tena mzigo wa kuuguza nyumbani huangukia wanawake, na haulipwi. Kusema mzee akae nyumbani bila kuuliza nani atakaa naye ni kumwamulia mtu mwingine maisha yake.

Mizani

Ukiiweka misimamo hii pamoja, inaonekana kila mmoja unajibu sehemu tofauti ya safari. Umri unafaa kwenye madirisha. Hali ya ugonjwa inafaa mlangoni mwa dharura. Utaalamu wa wazee unafaa wodini na katika hospitali za rufaa. Huduma ya nyumbani inafaa kabla na baada. Kosa letu limekuwa kuuchukua mmoja na kuudai utende kazi ya yote.

Mlangoni, basi, kanuni ibaki hali ya ugonjwa, lakini isahihishwe kwa swali moja la lazima: wiki mbili zilizopita alikuwaje? Alikuwa akitembea, akijilisha, akienda chooni peke yake, akiwajua watu? Jibu linachukua dakika mbili. Kenneth Rockwood na wenzake wa Halifax, Kanada, walitoa mwaka 2005 kipimo cha udhaifu kinachojengwa juu ya maswali ya namna hii, na muuguzi anaweza kufundishwa kukitumia bila mashine yoyote. Mabadiliko ya ghafla, hata presha ikiwa nzuri, yampandishe mzee daraja. Na mzee dhaifu asiye na dharura kali, anayelazimika kusubiri, asubirie kwenye godoro, maji yakiwa karibu, akigeuzwa kila baada ya saa mbili.

Swali hilo lina sharti lake: awepo wa kulijibu. Ndiyo maana uamuzi wenye uzito kuliko yote hapa ni wa kumruhusu ndugu mmoja aingie na kubaki na mzee, akiwa na beji ya hospitali. Faida yake haiishii kwenye historia ya ugonjwa. Mwaka 1999, Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Kwa hatua rahisi, kama kumkumbusha mgonjwa alipo, kumpa miwani, kumsaidia kusikia, kumnywesha maji, kumtembeza na kumwacha alale usiku, waliopatwa na kuweweseka walishuka kutoka asilimia 15 hadi 9.9. Marekani ilihitaji kuandaa watu wa kujitolea kufanya kazi hizo. Sisi tuna mabinti na wajukuu walio tayari kuzifanya, na tumewafungia nje.

Hoja za kupinga ni za kweli. Chumba kitajaa, siri za wagonjwa wa jirani zitasikika, maambukizi yanaweza kuenea, na ndugu mwenye hasira anaweza kumshambulia muuguzi. Ndiyo maana ni mmoja, si watano. Ndiyo maana ana beji, pazia linavutwa, na anatoka nje anapofufuliwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Gharama hizo zinabebeka. Gharama ya kumtenga ni historia isiyojulikana, kipimo kilichorudiwa na mzee aliyeanguka, nayo hulipwa kila usiku bila kuandikwa popote.

Kuna tahadhari mbili zisizofaa kusahaulika. Kwanza, wapo wazee wasio na ndugu, wapo bibi wanaoishi na wajukuu wa darasa la pili, na wapo wanaoumizwa na haohao waliowaleta. Kwa hao, afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya wa mtaa wachukue nafasi hiyo, na kila mzee apate dakika chache za kuongea na muuguzi bila ndugu kusikia. Pili, kipimo cha udhaifu kinaweza kugeuzwa kuwa fimbo. Mwezi Machi 2020, UVIKO-19 ilipoanza kushamiri, mwongozo wa Uingereza ulikitumia kuelekeza nani apelekwe chumba cha uangalizi maalumu, ukalazimika kurekebishwa ndani ya siku chache baada ya watu wenye ulemavu kulalamika kuwa ungewanyima huduma. Kwetu kiwe cha kumfungulia mzee mlango, na kamwe kisiwe sababu pekee ya kumnyima matibabu.

Hata hivyo, si kila kinachowezekana kitamfaa mzee. Kumwingiza mgonjwa wa siku za mwisho kwenye mashine, mbali na watu wake, kwa deni ambalo shamba litauzwa kulilipa, si lazima kuwe upendo. Mazungumzo hayo yafanyike mapema, mzee mwenyewe akiwamo, na yamhusishe anayemuuguza pamoja na anayelipa. Wakijadiliana mbele ya daktari mmoja, mabishano mengi hupungua.

Upande wa fedha, msamaha uanze kufanya kazi mlangoni: mzee mwenye kitambulisho atibiwe, uthibitisho ufuate asubuhi. Usafiri ni mgumu zaidi. Kufungua m-mama kwa kila mzee kungeweza kuudhoofisha mfumo uliofanikiwa kwa sababu ya kulenga kundi moja. Lakini fundisho lake, yaani dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kulipwa kwa safari, linaweza kuanza kujaribiwa kwa dharura chache zinazotambulika kwa urahisi: kiharusi, nyonga na kupoteza fahamu.

Muhtasari

Mkanganyiko wa wananchi unatokana na sera ya foleni kuulizwa maswali ya dharura. Umri wa miaka 60 ni kigezo kizuri cha dirisha na cha msamaha, si cha nani aokolewe kwanza. Kipimo cha hali ya ugonjwa ni cha haki, ila humsoma mzee dhaifu vibaya mpaka kiambiwe alikuwaje juzi. Idara maalumu zina ushahidi nyuma yake, lakini zinadai wataalamu ambao itachukua miaka kuwapata. Zianze katika hospitali za rufaa huku zahanati zikiimarishwa kuzuia na kufuatilia.

Yanayoweza kufanywa mwaka huu ni manne. Mapokezi waulize na kuandika hali ya mzee ya wiki mbili zilizopita. Ndugu mmoja mwenye beji aingie naye. Msamaha uheshimiwe kwanza na kuhakikiwa baadaye. Na mzee anapotoka, familia ipewe maelezo kwa Kiswahili: dawa za kumeza, dawa za kuacha, dalili za kumrudisha, na mahali pa kwenda. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri jengo jipya. Yanasubiri waganga wafawidhi na kamati za hospitali waamue kwamba anayemuuguza mzee ni sehemu ya matibabu, na wampe nafasi ndani.